Dhegoole wa Wajir

Mutuku alitoka Kitui akaja Wajir kutengeneza pikipiki, na kwa ufundi hakuna aliyemkosoa. Kilichomchosha roho ni jina. Mji mzima ulimwita Dhegoole, yaani kiziwi. "Dhegoole, breki." "Dhegoole, bado tu?" Na masikio yake mazima, husikia hata vali ikigonga ndani ya injini.

Alivumilia weee, mpaka asubuhi moja akatia spana zake guniani. Basi, anarudi kwao. Akapita kumuaga Kaltun, mama wa chai wa kibanda cha jirani.

"Mama, watu wa hapa nimewakosea nini? Kutukanwa kila siku."

"Nani amekutukana?"

"Nyinyi nyote. Hata wewe."

Kaltun akamimina chai bila haraka. "Yule mzee anakaa pale, tunamwita nani?"

"Langaare."

"Maana yake anachechemea. Jina yake ni Abshir. Ukiita Abshir hapa, nusu ya soko itageuka. Unaona amekasirika?"

Mzee alikuwa anapuliza chai yake, hana habari.

"Yeye anachechemea kweli. Mimi si kiziwi."

"Watu wanakuja, salaam aleykum, wewe unangurumisha bikibiki tu. Salamu ni deni. Asiyejibu tumwite nani?"

"Kwetu hatupeani majina hivyo."

"Haya. Mutuku maana yake nini?"

"Aliyezaliwa usiku."

"Na mama yako alikutukana?"

Swali hilo likamkera kuliko Dhegoole yenyewe. Muda wote huo amekuwa akijiuliza watu hawa wana adabu gani. Hata siku moja hajamuuliza mtu jina lake la mtaani linamkaaje.

"Na asiyepewa jina?" akauliza hatimaye.

"Huyo ni mgeni."

Akarudi kufungua gunia huku ananung'unika. Tangu hapo kila mteja aliulizwa jina lake la mtaani limetoka wapi, nani alimpa, na babake je, mpaka wakachoka naye: "Fundi, tengeneza kwanza."

Alasiri moja, injini ikinguruma, akaona midomo ya mtu inacheza. Akaizima upesi. "Waaleykum salaam."

"Kumbe Dhegoole anasikia."

"Basi nibadilishieni jina."

"Aa, haiwezekani. Tukibadilisha, tutakutafuta wapi?"

Mutuku akashusha pumzi, akaipiga teke pikipiki ikaunguruma tena.