Odessa na Sigara za Kufa Zenyewe

Odessa Whitley alilelewa kwenye banda la kukaushia tumbaku, mashariki mwa North Carolina, na dhambi ya kwanza aliyofundishwa kuiepuka, kabla hata ya uongo na uzinzi, ilikuwa kusinzia moto ukazimika. Moto ukifa, majani yanaoza, na baba anawaka badala yake. Kwa hiyo sisi majirani tulicheka mpaka kanisani tuliposikia kiwanda cha sigara cha Hobgood kimemwajiri akae chumbani kutwa aangalie sigara zikizimika.

Sheria mpya ilikuwa imefika jimboni. Watu walikuwa wakipitiwa na usingizi sigara mkononi, kochi linashika moto, nyumba inakwenda na mwenyewe ndani. Serikali ikaamuru: sigara ikiachwa bila kuvutwa, ijizime. Kumuua mvutaji taratibu, kupitia mapafu, hakukuhitaji kupimwa na mtu. Kumuua kwa usiku mmoja juu ya kochi ndiko kulikokatazwa. Serikali yetu haipendi pupa.

Bila cheti cha jimbo, sigara za Hobgood zisingeuzwa dukani hata moja, na Odessa na wenzake wangerudi kuchimba viazi vitamu kwenye mashamba ya watu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: anawasha sigara, anailaza juu ya karatasi za kuchujia ndani ya kisanduku cha kioo, anafunga kimlango, anasubiri. Zikizidi robo zilizoungua mpaka mwisho, wamefeli.

Siku ya jaribio zilikuwa zinakufa vizuri, kimya kimya, kama wazee wenye adabu. Odessa akaenda msalani mara moja. Kurudi, anamkuta Mzee Thurman Hobgood, mwenye kiwanda, ameinama, kidevu kimo ndani ya kisanduku, anapuliza. Visanduku vingine vya jirani alikwisha kuvipitia.

"Bosi, unafanya nini?"

"Zilikuwa zinazimika, binti yangu. Nimeziwahi."

"Si ndiyo zinavyotakiwa!"

Mzee akanyooka, akatazama moshi wake kwa fahari, kisha rangi ikamtoka. Alikuwa amelipa mawakili wamweleze ile sheria, na akili yake iliielewa. Mdomo ndio haukuwa umeambiwa. Akashauri, kwa sauti ya chini, kwamba Odessa aandike tu zilizimika zenyewe, nani atajua.

"Nitajua mimi. Na kochi la mtu litajua. Toka, bosi."

"Hiki chumba changu."

"Chumba chako, pumzi yako, na kufeli kutakuwa kwako. Toka nje."

Akatoka, kofia mkononi, kama mtu aliyefukuzwa kwenye msiba. Odessa akatupa zote akaanza upya.

Mpaka jioni robo iliyoruhusiwa kuungua ilikuwa imejaa, na sigara moja tu imebaki; ikiungua hiyo, wamefeli. Kaa lilitambaa, likafika penye mkanda mzito wa karatasi uliowekwa makusudi kulizima, likafifia, likawaka tena kidogo. Midomo ya Odessa ikajikunja yenyewe tayari kupuliza. Utoto wake wote ulikuwa unamsukuma. Akaukalia mkono uliokuwa unaelekea kwenye kimlango, akabana pumzi, akalitazama kaa likigeuka jivu.

Akalia kidogo. Alisema ni moshi.

Cheti kilipokuja, Mzee Hobgood alichoma nguruwe mzima, akawaalika wote, akavua kofia na kumshukuru Mungu kwa sigara mbaya kuliko zote alizowahi kutengeneza.