Pikipiki Iliyonuka Papa

Mke wangu alikuwa ameapa kwamba hapandi tena pikipiki yangu, na sikuweza kumlaumu. Pikipiki tuliyokuwa nayo mwanzo ilikatika kikanyagio cha nyuma tukiwa njiani kwenda kwao, ndani kidogo baada ya Mingoyo, naye akaangukia ubavu. Kikanyagio kile kilikuwa kinang'aa kwa nje. Ndani, chumvi ya pwani ilikuwa imekila chuma kikabaki chepesi kama biskuti. Tangu siku hiyo alikwenda kumwona mama yake kwa basi, na mimi nikawa nafuata peke yangu. Zile safari zetu za msimu wa korosho, za kusimama popote tunapotaka na kula mihogo tuliyoifunga nyumbani, zikaishia hapo.

Nilipostaafu ualimu nilitaka kuzirudisha. Nikaanza kutafuta pikipiki ya zamani ya safari ndefu, yenye kiti kipana na tangi kubwa. Nazipenda hizo kwa sababu hazifichi kitu. Ukiwa na spana chache na subira, unaweza kuifungua injini wewe mwenyewe na kuelewa unachokiona. Usiogope hata kama hujawahi kushika spana. Mimi nilijifunza nikiwa na mvi.

Ya kwanza niliiona Mingoyo, nyekundu, imepakwa rangi juzi tu. Nikaweka kiganja kwenye injini, nikakuta ina joto. Hilo ni jambo la kwanza la kuangalia: mtu akiiwasha pikipiki kabla hujafika, huenda anajua kwamba ikiwa baridi inasumbua. Kisha nikatoa sumaku niliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu, nikaipitisha kwenye tangi. Palipo na chuma, sumaku hushika. Pale iliteleza, maana chini ya rangi palikuwa pamejazwa puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia matundu ya kutu.

"Mwalimu," muuzaji aliniambia, "unanunua pikipiki au unaipima malaria?"

Nilicheka naye, nikamshukuru, nikaondoka.

Ya pili ilikuwa Kilwa Kivinje, kwa mjane wa fundi wa mashua. Tulisalimiana, akanikaribisha uani, akanionya mapema kwamba watu watatu walishakuja, wakanusa, wakaenda zao. Nilielewa kabla hajafungua mlango wa banda. Marehemu mumewe, kila alipomaliza kupaka mashua mafuta ya papa ili mbao zisioze, alichukua yaliyobaki kwenye kopo akaipaka pikipiki yake, kuanzia usukani hadi bomba la moshi. Alifanya hivyo miaka yote. Mafuta yalikuwa yameganda juu ya chuma kama gamba jeusi lililoshika vumbi, na harufu yake ilikuwa ya kukuondolea hamu ya chakula.

Nilishika injini, ilikuwa baridi kabisa. Nikalowesha kitambaa kwa petroli, nikasugua fremu taratibu. Chini ya gamba lile chuma kilikuwa kizima, hakina hata doa la kutu. Sumaku ilishika kila mahali. Nikagonga vikanyagio kwa spana, vikaitika kwa mlio mkavu wa chuma kilichojaa.

Ila mafuta yanayolinda chuma hayana huruma kwa raba. Raba zote zilikuwa zimevimba na kulegea, na viatu vya breki vilikuwa vimelowa. Hilo halikunitisha. Raba na viatu vya breki hubadilishwa, lakini fremu iliyooza ndani haina dawa.

Mjane aliniomba jambo moja tu. "Usiioshe yote, Mwalimu. Ukiiosha yote, chumvi itaila kama zile nyingine."

Nikamlipa, nikaichukua, nikafanya alivyosema. Kwa wiki kadhaa nilibadilisha raba moja baada ya nyingine, nikasafisha kabureta, nikakausha mafuta yote kwenye breki na kuweka viatu vipya. Fremu niliipangusa vumbi tu, nikaiacha na mafuta yake.

Mke wangu alikuja kuikagua akiwa amejiziba pua kwa kanga. Nikaushika usukani ili isiyumbe. Alishika bega langu, akapanda juu ya kikanyagio cha kushoto kwa miguu yote miwili, akarukaruka. Kisha akazunguka, akafanya vilevile kulia.

"Inanuka," alisema.

"Inanuka," nikakubali.

"Lakini imesimama."

Alfajiri ya Jumamosi iliyofuata tuliondoka nyumbani kwetu Kilwa Masoko pamoja. Nilikwenda polepole, na baada ya Mingoyo, tulipokaribia mahali alipoanguka, mikono yake ilinikaza kiunoni. Tulipopita, ikalegea. Mbele kidogo alinigonga bega nisimame, tule mihogo yetu chini ya mikorosho.

Tulipofika, mama mkwe alitoka uani kabla sijazima injini. Nilimwamkia, akaitikia, huku macho yake yakitafuta kwenye kiti, kwenye tangi, hadi nyuma ya mgongo wa binti yake. Huko kwao mgeni anayetoka pwani huja na kitoweo, na harufu ilikuwa imetutangulia.

"Haya," alisema, "huyo papa mliyemleta yuko wapi?"

Hatukuwa na hata dagaa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwambia mama yake asijali, kwamba mwezi ujao tutakuja tena na pikipiki hii hii, naye atakuwa amempakata papa.