Saa ya Kufunikiwa Uso

Jua bado halijachomoza juu ya soko la mboga la Nandgarhi, na Bimlesh ameshamaliza nusu ya mtaa wake. Anasimama, anaegemeza ufagio wa mpini mrefu begani, kisha anavuta ukingo wa mtandio na kuushusha hadi kidevuni. Mtaani hakuna mwanamume hata mmoja. Wapo wafagiaji wenzake wawili na ng'ombe anayetafuna maganda ya koliflawa.

"Unamfunikia nani uso wewe? Ng'ombe?" anamtania Santro, mfagiaji mwenzake mwenye meno machache na maneno mengi.

Bimlesh anamwonyesha kifundo cha mkono wake wa kushoto, penye saa nyeusi ya plastiki.

Halmashauri iliwavalisha wafagiaji saa hizo mwaka jana. Anakokwenda mvaaji, nukta yake hutembea kwenye ramani iliyo ukutani ofisini kwa msimamizi. Akisimama kwa muda, nukta hugeuka nyekundu. Msimamizi anaweza pia kupiga simu, na sauti yake ikatoka pale mkononi bila kubisha hodi.

Msimamizi wa soko ni Dharambir. Dharambir ni kaka mkubwa wa mume wa Bimlesh, na hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Kwetu Haryana, India, shemeji mdogo ni wa utani. Siku ya Holi, sikukuu ya kurushiana rangi, unamchapa kwa kitambaa kilichosokotwa na anacheka. Shemeji mkubwa, anayeitwa jeth, ni wa kufunikiwa uso. Humtazami, humsemeshi, na akikohoa mlangoni unanyanyuka. Bimlesh ana umri wa miaka thelathini na minane, ameolewa tangu msichana, na Dharambir hajawahi kuuona uso wake.

"Siku ya kwanza aliponiita kwenye saa, nilichutama palepale barabarani kwa haya," anasema Bimlesh. "Aliniita kwa namba, hakutaja jina. Nikajiuliza, huyu kama anasikika, si ananiona pia? Kitu kina kioo, kina taa. Nani aliniambia hakina jicho?"

Hakuna aliyemwambia. Fundi wa kampuni alieleza upesiupesi kwa maneno ya ofisini, akawasha pikipiki yake. Wanawake waliambulia jambo moja tu: ukiivua, umekosa kazini, na ujira wa siku, rupia mia tatu na hamsini, umekwenda.

Sasa mtu anaingiaje chooni na shemeji yake mkubwa mkononi?

Haingii. Bimlesh aliacha kunywa maji. Chai yake ya asubuhi alimwachia mumewe, na kutoka alfajiri mpaka mchana alijibana. Ukaja mwezi wa joto kali, ambao nao kwetu unaitwa Jeth. Santro akapata la kusema: "Jeth kichwani, jeth mkononi! Utaponea wapi, dada?"

Walicheka. Bimlesh naye alicheka, na huku tumbo la chini linamuuma na mkojo unamchoma kama pilipili.

"Ningemwambia nani?" anauliza. "Mume wangu? Ningeanzaje, kwamba kaka yako ananichungulia?"

Siku moja ya mwezi huo, mbele ya duka la vitamu, mwili ulikataa kungoja. Suruali yake ililowa mpaka kwenye ndara, wateja wakitazama. Anapofika hapa kwenye maelezo yake, Bimlesh anachezea ukingo wa mtandio.

"Andika tu," anasema hatimaye. "Ila jina la duka usiandike. Kesho ninafagia pale."

Santro ndiye aliyewahi. Alinyakua ndoo ya maji ya muuza juisi akammwagia mwenzake kuanzia kichwani, akipiga kelele, "Joto limemwangusha! Pisheni!" Kwa kitambo kidogo aibu ilifunikika. Kisha saa ikalia.

"Namba kumi na nne, umesimama. Umelala?"

Santro akaukamata mkono wa Bimlesh na kuinamia saa. "Hajalala! Amejikojolea! Haendi chooni tangu umkalie mkononi, mzee mzima wewe huna haya!"

Soko zima likasikia. Ofisini, makarani wote wakasikia.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Bimlesh. Alilazwa hospitali karibu wiki nzima. Daktari alisema maambukizi yalikuwa yameshapanda kwenye figo.

Fundi aliitwa, akaifungua saa mbele ya watu. Haikuwa na kamera.

"Walidhani nitafurahi," anasema Bimlesh. "Niliona aibu ya pili. Nimejiharibu figo kwa kukimbia jicho lisilokuwapo."

Lakini jicho lilikuwapo. Kwenye ramani ile, choo cha soko kilionekana wazi, na mwanamke akikawia humo nukta yake iliiva nyekundu na makarani wakamchezea kamari: huyu ameharisha, yule yuko mwezini. Halafu msimamizi aliandika utoro.

Nilimkuta Dharambir ofisini, kiti chake amekigeuza, ukuta ule kaupa mgongo. "Nilikuwa najua mke wa mdogo wangu yuko chooni, na amekaa kiasi gani," alisema. "Uso wake siujui. Haya hiyo nitaipeleka wapi?"

Jioni moja alikohoa mlangoni kwa mdogo wake. Bimlesh akajifunika. Dharambir akamgeukia mama yao, Bharpai.

"Mama, mwambie mkamwana wako anywe maji."

"Si huyo hapo? Mwambie mwenyewe."

"Mama, mwambie! Na umwambie nimepiga msumari nje ya mlango wa choo. Aitundike saa pale. Nukta ikiwa nyekundu, nitajibu mimi."

Bimlesh naye akanena na mama mkwe. "Mama, muulize, na wenzangu watatundika wapi?"

Dharambir akaondoka. Kesho yake mlango ulikuwa na safu nzima ya misumari.

Sasa Bimlesh na wenzake wanataka saa zibaki ofisini. Wameshapeleka ombi halmashauri, na hawajajibiwa. "Mimi natamani siku moja niitundike nikaisahau," anasema.

Jua limeshapanda. Anavua saa, anaitundika, anaingia na kufunga komeo. Muuza viazi anayepita anaiona inaning'inia, anajua kuna mtu ndani, anatabasamu. Bimlesh bado analiogopa tabasamu la namna hiyo.

"Unacheka nini?" Santro anamfokea. "Jeth yuko nje, analinda mlango!"

Bimlesh anatoka, anaivaa saa, anashusha mtandio hadi kidevuni. Halafu, chini ya mtandio, anainua chupa na kunywa maji mpaka yanaisha.