Gunia Lenye Uzi wa Kijani

Harufu ya gunia la katani lenye mahindi mapya hunirudisha kijijini kwetu Tumati, nikiwa na miaka kumi, wakati biashara ya nafaka ilikuwa imeachwa huru na kila mwenye lori alijiita mfanyabiashara. Msimu uliotangulia wadudu wa dumuzi walitusagia mahindi ghalani hadi yakawa vumbi. Mama, aliyekuwa mjane, akakata shauri tuuze magunia yote matatu mara tu baada ya kuvuna, tutunze pesa, tuwe tunanunua chakula kidogo kidogo. "Pesa hailiwi na dumuzi," alisema, nami nikamwona ana akili kuliko wanawake wote wa Mbulu. Alifumua sweta lake kuukuu la kijani, akashonea midomo ya magunia kwa uzi wake, kisha tukamuuzia jirani yetu Mzee Safari, mwenye lori na ghala la bati. Akiba haiozi, wahenga walisema. Yetu tuliiweka ndani ya kopo la maziwa.

Mvua za kupandia zilipokaribia, sukari ilipanda, sabuni ikapanda, mafuta ya taa yakapanda, na kopo likabaki na pesa ya gunia moja tu, kwa bei ile tuliyouzia. Hiyo Mama hakuigusa. Tulipoishiwa unga kabisa, tukaibeba kwenda kwa Mzee Safari.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba gunia moja." Mama akamhesabia pesa.

"Marahaba, Mama Anjela. Pesa hiyo sasa ni madebe mawili tu. Bei imepanda, si mimi."

Akashusha gunia ili atupimie. Mdomo wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kijani. Mama aliushika ule uzi.

"Hili nimelishona mimi."

"Ndiyo, ni lako. Nilitia dawa ya dumuzi tu."

Dawa! Kumbe kilichotutenganisha naye ni dawa ambayo sisi hatukuimudu, na tumbo lililoweza kusubiri. Madebe mawili yalipokwisha, Mama alimpeleka mnadani mtamba wetu, ng'ombe pekee tuliyekuwa naye. Sikuwahi kumwona Mama akilia njiani kabla ya siku ile.

Leo naishi Babati, nina mshahara, na chumba cha uani nimekijaza magunia. Nanunua wakati wa mavuno, natia dawa, nasubiri. Bei zikipanda wenzangu hulalamika, na mimi hulalamika nao, lakini moyoni nafurahi. Januari iliyopita alikuja mama mmoja na binti yake kununua mahindi. Nilipolivuta gunia, yule mtoto alikazia macho mdomo wake, ulioshonwa kwa ukanda wa kanga ya njano, kisha akanitazama mimi. Nikajisikia nikisema, "Bei imepanda, dada, si mimi."