Mbuzi wa Ntheo na Fomu ya Kodi

Vuta kiti, nikueleze jambo ambalo wengi huliona dogo. Miaka ya sabini nilikuwa karani wa mishahara katika afisi moja mjini Kitui. Siku hizo mfanyakazi aliyeoa alikatwa kodi kidogo kuliko aliye kapera. Wewe ulijaza fomu ukisema umeoa, nami nikakata ipasavyo.

Dereva wetu alisema ameoa. Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa alikuwa akiishi na mama mmoja muuza vitambaa, na sote tulimwita mkewe. Kisha watu wa kodi wakataka uthibitisho: cheti cha kanisa, au barua ya chifu kwa waliooana kimila. Cheti hakuwa nacho. Tukafunga safari kwenda Zombe, alikozaliwa yule mama, yeye pia akiwemo.

Tukiwa nyumbani kwao, chifu alimwita baba mtu, akamuuliza kama binti yake ameolewa.

"Ng'ombe nilipokea," mzee alisema. "Mbuzi za ntheo sijaona. Huyu bado ni msichana wangu."

Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo ndio wanaofunga ndoa. Unaweza kujaza boma la mkweo ng'ombe, lakini kama mbuzi hao hawajafika, hujaoa. Dereva alilijua hilo. Kiangazi kilipomaliza mifugo yake aliahirisha, kisha akazoea.

"Kumbe sisi tumemlea mpangaji!" shangazi wa yule mama akapaza sauti kutoka jikoni. "Anakula, analala, na hata mbuzi hajui inaliaje!"

Dereva hakucheka. Kudanganya serikali kungeweza kumfukuzisha kazi, na pale Zombe hakuna aliyekuwa tayari kusema uongo kwa ajili yake.

"Chifu, nitaleta mbuzi wiki hii," alisema. "Wewe andika tu kwamba tulioana zamani."

"Nitaandika siku mbuzi zitakapofika, kijana. Siku hiyo, si nyingine."

Tukiwa njiani kurudi nilimweleza taratibu, maana alikuwa ameshika kichwa. Kosa lililosemwa na mwenyewe mapema huchukuliwa kuwa kosa tu. Likingojea kugunduliwa, huitwa udanganyifu. Alinisikiliza, kisha akamgeukia yule mama. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi?" akajibu. "Mimi nimengoja hizo mbuzi tangu kabla serikali haijaanza kuziulizia."

Kesho yake dereva alikwenda mwenyewe kwa watu wa kodi, akaeleza yote. Walimkemea, wakaagiza nafuu ya kodi aliyokwisha kupata irudishwe kidogo kidogo kutoka mshahara wake. Kazi haikuguswa. Mbuzi walipelekwa Zombe, mmoja akachinjwa hapohapo, na shangazi akala akisema sasa mpangaji amepata nyumba. Chifu aliandika barua yenye tarehe ya siku hiyo. Kuanzia hapo nilimkata kodi ya mtu aliyeoa, kwa haki.

Mila zinatofautiana, na huenda kwenu si mbuzi. Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, waulize wazee wa pande zote mbili kama ndoa yenu imekamilika. Wakisema bado, andika kwamba hujaoa. Ikikamilika, nenda ukabadilishe.