Kifua Kilichobana Njiani

Mume wangu alifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, na miaka yote hiyo alikwenda kazini kwa baiskeli kutoka kwetu Malangali. Alipostaafu watoto wakamnunulia pikipiki. Tangu hapo hata Misa alikwenda nayo, na kanisa si mbali. Tumbo likatoka. Mashati yake nilikuwa nayapanua mwenyewe kwa cherehani, na kila nilipofumua mshono mwingine nilimcheka.

Kliniki walimkuta na presha. Wakamwambia apunguze chumvi na mafuta, na afanye mazoezi. Hayo mazoezi nikayashika mimi. Mimi ni mtu wa jembe, mahindi na ulezi nimelima tangu utoto, sikujua mwili unaweza kukataa kutembea. Kila asubuhi nilimtoa kitandani tukaenda hadi Mazwi na kurudi.

Wiki ya tatu akaanza kusimama njiani.

"Subiri kidogo, mke wangu. Kifua kinabana."

"Kinabana kwa uvivu," nikamjibu.

Alisimama dakika chache, kikaachia, tukaendelea. Ugonjwa gani huo unaopona kwa kusimama tu? Mwenyewe alisema ni gesi, akawa anatafuna tangawizi.

Ilikuwa Juni, upepo wa Ufipa unakata masikio. Siku hiyo nilibadilisha njia, tukapanda mwinuko wa kuelekea Kizwite. Katikati akasimama. Akina mama waliokuwa wanapeleka mboga sokoni wakatupita, nami nikapaza sauti ili wasikie: "Mwalimu, hata bibi yule mwenye kapu kichwani amekuacha! Twende!"

Wakacheka. Naye akacheka, akaongeza mwendo. Alikwenda hatua kama ishirini, kisha akakaa chini kwenye majani yenye umande, mkono umeshika taya. Mimi nilikuwa na sweta na khanga mbili juu yake, lakini yeye jasho lilimtiririka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Bibi yule alitua kapu lake, akakimbilia barabarani kusimamisha bodaboda. Tulimkalisha katikati, mimi nikamkumbatia kwa nyuma mpaka hospitali, nikisikia mgongo wake ukitetemeka.

Daktari alikuwa binti, umri wa mwanangu wa mwisho. Aliniamkia shikamoo, akanikalisha kwenye benchi.

"Mama, mishipa inayoulisha moyo wenyewe imekuwa myembamba, mafuta yameganda ndani. Akipanda mlima moyo unataka damu zaidi, haupati, ndipo unauma. Akipumzika unatulia. Leo mmoja umeziba."

"Kwa hiyo nimemuumiza kwa mazoezi?"

"Mazoezi ni mazuri, mama. Lakini yale maumivu yalikuwa yanawaambia msimame, mje hapa."

Alisema kwa upole. Nafikiri alitaka kunifariji.

Walimhamishia Mbeya. Alirudi amekonda, ana vidonge vya kumeza kila siku na kingine cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Sehemu ya moyo imebaki dhaifu. Ameruhusiwa kutembea tambarare, taratibu, jua likishawaka, na mimi huenda naye. Nasikiliza pumzi zake kuliko anavyozisikiliza mwenyewe.

Mwezi uliopita, tukiwa tunakula, nilimuuliza, "Siku ile ulianza kusikia vibaya wapi?"

"Tulipotoka nyumbani tu."

"Mbona hukuniambia?"

Alimega ugali, akaushika bila kuula.

"Nilikuambia wiki nzima. Siku ile sikutaka unicheke tena."

Hakuwa na hasira. Aliomba maji, nikainuka kumletea.

Watoto wakipiga simu husema, "Mama, ulimwokoa baba, ulimfikisha hospitali upesi." Yeye hukaa pale pale, anasikia yote. Nami naitikia, "Tumshukuru Mungu," kisha nawauliza habari za wajukuu.