Ufundi wa Siku Tatu

Baba alivunjika mguu Rwamgasa akishusha magogo. Pikapu yetu ilikuwa ikibeba magogo kutoka upande wa Ushirombo kuwapelekea wachimbaji wadogo, ambao huyatumia kuegemeza kuta za mashimo yao ya dhahabu zisiwaangukie. Gogo moja likateleza. Wiki hiyohiyo klachi nayo ikaisha, pikapu ikavutwa hadi Kahama, kwenye gereji ya Nyasubi ambako baba ametengenezea magari yake tangu sijazaliwa. Ndiyo maana siku ya kuichukua nilikwenda mimi. Angekwenda yeye, nisingekuwa na cha kuandika.

Niliacha shule kidato cha pili. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, na karibu kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, kwa simu na kwa vitabu ambavyo wateja wanavisahau mezani. Mtu aliyesoma akikosea, watu husema amekosea. Mimi nikikosea, husema: si unaona, hakusoma. Kwa hiyo narudia barua ya mtu mara tatu kwa sababu ya nukta. Nikienda sokoni nawauliza watu watano bei ya kitu kabla ya kununua, na nikishanunua namuuliza wa sita.

Pikapu ilipokaa gereji siku tatu, siku hizo tatu nilisoma klachi. Nilitazama video hadi nikaweza kuchora kwa penseli jinsi pleti inavyokaa. Nilizunguka maduka ya spea nikiandika bei. Niliwauliza mafundi wawili wa gereji nyingine, wasiojuana, kazi ya kubadilisha klachi ya pikapu kama yetu inachukua muda gani. Wote walisema siku moja. Mmoja aliongeza, "Na hapo umekula, umepumzika."

Fundi wa baba alikuwa mtu mzima, mrefu, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua liwake vipi. Hakuwahi kuandika bili. Kazi ikiisha alimwita mteja, akatandika gunia mbele ya tairi na kupanga juu yake vyuma vibovu alivyovitoa, kisha akaanza kulizunguka gari. Aliweka mkono mahali alipofanya kazi na kutaja kilichobadilishwa na bei yake. Mteja alijibu "imepita" au "hapo hapana." Wakibishana, walibishana hapohapo, mkono wa fundi ukiwa bado juu ya bati, hadi mmoja akubali, ndipo wasogee. Wakimaliza mzunguko, bili imekwisha na hakuna wa kuirudia. Nilikua nikimwona baba akizunguka naye, wakicheka, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni mchezo wao wawili.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, ng'wanone," alisema, yaani mwanangu kwa Kisukuma. "Mguu wa mzee unasemaje?"

"Unaendelea vizuri."

"Mwambie asiharakishe kuukanyaga. Mguu si tairi, hauna spea." Akatandika gunia. Akaweka kiganja kwenye boneti na kuvuta pumzi aanze.

Nikamkatiza. "Fundi, naomba bili ya karatasi."

"Karatasi ya nini? Baba yako miaka yote hii hajawahi kunidai karatasi."

"Mimi si baba."

Kwenye benchi alikaa mwanamume aliyeleta Noah yake itengenezwe breki. Akacheka. "Huyo mtu wa kodi, mzee. Mwandikie."

"Na mhuri umgongee," akadakia mama lishe, ambaye kibanda chake kimeegemea uzio wa gereji.

Fundi naye akacheka, lakini mkono aliuondoa kwenye boneti. Akaniambia nirudi kesho.

Kesho yake karatasi ilikuwapo, imechanwa kwenye daftari. Mwandiko niliutambua. Ni uleule unaoandika "Wali maharage upo" kwenye ubao wa mama lishe. Klachi pleti, presha pleti, beringi, oili, na chini kabisa, ufundi siku tatu, laki moja na nusu. Jumla laki nne na thelathini. Bei za spea nilizilinganisha na daftari langu palepale, nimesimama. Zilikuwa sawa, moja hata ilikuwa chini ya ile niliyoikuta dukani. Kilichobaki kilikuwa ule mstari wa mwisho.

Ningeweza kuuliza kuhusu mstari huo tu. Lakini nilikuwa nimejiandaa kwa kila mstari, na mtu aliyejiandaa kama mimi hataki jitihada zake zipotee. Nikamrudishia karatasi. "Naomba unisomee moja moja, fundi, na unieleze."

Aliipokea. Akaishika mbali kidogo na uso, akaweka kidole juu yake, akaanza. "Ufundi, siku tatu."

"Kidole kiko kwenye pleti."

"Eeh. Pleti." Akataja bei ya pleti, ikawa sahihi. Akashusha kidole hadi katikati ya karatasi, pasipo na maandishi. "Beringi."

"Bado hujafika kwenye beringi, fundi. Hapo hapajaandikwa kitu."

"Mzee kasomea chini ya mwembe wa nani huyo?" akasema mwenye Noah, na vijana wawili waliokuwa wakiziba pancha nje wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, kwa sababu niliamini ananichezea, anajifanya hajui kusoma ili nichoke niondoke. Nikasogea, nikanyoosha mkono na kumwonyesha mstari wa mwisho. "Nieleze huu. Wenzako wanasema ni kazi ya siku moja. Nionyeshe hapa siku tatu zimetoka wapi."

Alinyoosha kidole kufuata changu. Kidole chake kikapita pembeni ya karatasi kikasimama hewani, na yeye hakujua kwamba kimepita. Alisubiri niseme kitu.

Kucheka kulikoma. Mama lishe aliinama kwenye sufuria yake akachochea kitu ambacho hakikuhitaji kuchochewa. Mwenye Noah akasimama kutoka kwenye benchi.

"Mzee," alisema, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Huoni?"

"Naona."

"Mimi nimevaa shati la rangi gani?"

Fundi aligeuza uso kuelekea kwenye sauti. "Gari lako litakuwa tayari saa kumi," alisema.

"Hapana. Nitalichukua hivi lilivyo."

Yaliyofuata ndiyo ninayotaka kukiri, kwa sababu hayo mengine naweza kusema sikujua. Fundi alinigeukia, akakunja karatasi mara mbili, akaniambia kwa upole kabisa, "Toa unachoona ni haki, ng'wanone." Wakati huo nilikuwa nimeshaelewa. Nilikuwa nimeona kidole hewani kama walivyoona wote. Na bado nilifungua pochi nikatoa laki tatu na arobaini, bei ya spea pamoja na elfu sitini, ufundi wa siku moja kwa bei ya wale mafundi wawili, nikazihesabu kwa sauti mkononi mwake. Nilifanya hivyo kwa sababu jumla yangu ilikuwa sahihi. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Akanishukuru, "wabeja," nami nikawasha pikapu. Klachi ilikuwa laini kuliko nilivyowahi kuihisi.

Nyumbani baba alikuwa amelala kwenye mkeka uani, mguu wa plasta juu ya mto. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mlizunguka?"

Nikamweleza. Nilianza kwa daftari na bei, nikiharakisha, nikitumaini atafurahia zile elfu tisini kabla hatujafika kwenye kidole. Hakufurahi. Nilipofika kwenye kidole alifumba macho.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Wangapi?"

Nilimhesabia. Kisha akaniambia kwamba yeye alikuwa anajua, karibu mwaka sasa. Fundi alimwambia mwenyewe, ndani ya pikapu, madirisha yamefungwa: ni ugonjwa wa macho ambao daktari alisema hauna kurudi nyuma. Alibakiwa na mwanga na vivuli. Breki na usukani vilikuwa vikikaguliwa kila mara na fundi mwingine, rafiki yake, aliyekuja jioni kwa kisingizio cha kusalimia. Kazi aliifanya kwa vidole. Kila bolti aliikaza, akaiacha, akairudia kesho yake kuipapasa tena, ndiyo maana siku zikawa tatu.

"Bado gharama ni yetu," nilisema. Ndivyo nilivyosema. "Sisi tunalipia macho yake?"

"Mimi nalilipia gari langu," alisema baba. "Hajawahi kuniacha njiani. Wewe umepima saa za mtu anayeona."

Nimejiuliza mara nyingi kama yule mwenye Noah alikosea. Alikuwa na watoto wa kuwabeba kwenye gari lile. Hakujua habari za rafiki wa jioni, na angejua, huenda angeliondoa vilevile. Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza kumwachia breki zangu. Lakini mwenye Noah aliuliza alichohitaji kujua. Mimi nilimfanya mzee wa watu asome karatasi niliyoilazimisha iandikwe, na kabla ya karatasi hiyo hakukuwa na mtu aliyehitaji kujua lolote.

Habari ilitembea Nyasubi upesi kuliko ningeweza kuichapa. Wiki ya pili gereji ilikuwa na gari moja. Wiki ya nne kulikuwa na vijana wa pancha peke yao. Nilikuwa nikipita upande wa pili wa barabara, na kila nikipita nahesabu magari, halafu nikaanza kuzunguka kwa nyuma, kupitia sokoni. Baba alipotolewa plasta, kitu cha kwanza alichotaka ni kupelekwa gereji. Tulikuta geti lina kufuli. Mama lishe alituambia fundi amerudi kwao, Mhunze, huko Kishapu. Aliongea na baba tu. Mimi alinitazama kama mteja aliyekula akaondoka bila kulipa.

Jumapili iliyofuata tulikwenda. Niliendesha mimi, kwa kuwa mguu wa baba ulikuwa bado haujaweza klachi. Elfu tisini zilikuwa kwenye bahasha. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyaandika na kuyasahihisha mara nne, nikayakariri, na kutoka Tinde hadi Kishapu niliyarudia kimoyomoyo nikibadilisha neno hapa na pale.

Tulimkuta amekaa nje ya nyumba ya dada yake, kofia ileile, akichambua mbegu za choroko kwenye ungo. Alikuwa akiziokota kwa ncha za vidole, mbovu upande huu, nzima upande ule, na hakukosea. Alimtambua baba kwa mwendo.

"Unachechemea vibaya," alisema. "Nilikuambia usiharakishe."

"Ulimwambia huyu. Hakunifikishia."

Ni kweli, sikumfikishia. Walisalimiana kwa Kisukuma kwa muda mrefu, wakaulizana mvua, ng'ombe, nani amefariki. Dada yake alituletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maji. Baba alipotoa bahasha, fundi aliipapasa, akajua ni nini, akaiweka juu ya goti la baba. Baba akaiweka kwenye ungo. Fundi akairudisha.

"Bili ilishapita," alisema. "Hairudiwi. Unajua."

"Haikupita kwangu."

"Ilipita kwa mwanao."

Hapo ndipo nilipopiga magoti nikaanza maneno yangu. Nilifika sentensi ya pili nikasahau ya tatu. Nilijaribu kuanza upya, nikakwama palepale. Fundi alisubiri. Aliposikia siendelei alisema, "Ulikuwa sahihi, ng'wanone. Ile kazi ni ya siku moja. Enzi zangu nilikuwa naimaliza kabla ya saa nane."

Nilitamani anitukane. Baba alimuuliza kwa nini hakumwambia mapema kwamba mambo yamekuwa mabaya kiasi hicho. Akasema alikuwa anaomba mwaka mmoja tu. Binti yake wa mwisho alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Alipiga hesabu kwamba vidole vingemfikisha hadi amalize cha nne, kisha angefunga gereji mwenyewe, kwa mkono wake, na watu wangesema mzee amechoka. Binti sasa alikuwa hapohapo Mhunze. Nilikuwa nimemwona tulipofika, akipita na ndoo, nikadhani ni likizo.

Alisema hayo bila kunielekea. Kisha, kama mtu anayebadilisha mazungumzo kwa ajili ya mgeni, akaniuliza pikapu sasa anaitengeneza nani. Nikamtajia gereji. Akauliza mwezi huu imefanywa nini. Nikasema wamebadilisha breki za nyuma, kazi ya nusu siku. Akauliza wamechukua ufundi kiasi gani, nikamtajia.

Alifikiri kidogo, vidole vyake vimesimama kwenye ungo. Nilivitazama. Havikuwa na grisi hata kwenye kucha. Nilikuwa sijawahi kuviona hivyo.

"Hiyo ni haki," alisema. "Hawajawaonea."

Akaendelea kuchambua choroko. Baba alikaa naye mpaka jua likapungua, na mimi nilikwenda kusubiri kwenye pikapu.